Maswali ya Wasomaji: Wiki Moja Makumbusho ya Majimaji

Msimu wa wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo umewadia, na barua zilizotufikia zinaonesha hivyo. Tatu kati yake zinagusa jambo lile lile, yaani mwanafunzi anayepewa muda mfupi katika makumbusho, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine mbili.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya historia. Wenzangu wengi wamepangiwa halmashauri na shule, ilhali mimi nimepewa kwanza wiki moja katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji hapa Songea, ndipo niripoti shuleni kufundisha. Mjomba wangu anasema makumbusho ni mahali pa kupiga picha, si pa kujifunza kazi. Je, wiki moja inatosha kujifunza lolote? Niombe kazi gani, na ripoti yangu niandike nini? — *Mwanafunzi, Songea*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wiki moja haitoshi kuyafahamu makumbusho, lakini inatosha kukifahamu kitu kimoja kilichomo ndani yake, na huo ndio ushauri wangu wote. Siku ya kwanza, ukishakabidhi barua ya utambulisho na kusaini daftari, mwombe mhifadhi akupangie kioneshwa kimoja, iwe ni mkuki, ngao au picha, na akuruhusu kukifuatilia mpaka Ijumaa. Wanafunzi wengi huimaliza wiki yao wakitembea nyuma ya mwongoza wageni, na ikifika siku ya mwisho wanaweza kuisimulia Vita vya Majimaji kuanzia Matumbi hadi Ungoni bila kukosea. Ukiwauliza makumbusho yalijuaje hayo yanayosimuliwa, hawana jibu. Taaluma unayoifuata imo katika swali hilo la pili. Masimulizi yenyewe ungeweza kuyapata maktaba.

Kabla ya kitu, pafahamu mahali. Makumbusho mengi ni majengo ambamo vitu vimeletwa kutoka kwingine, lakini haya ya Songea yamewekwa palipo na makaburi. Tarehe 27 Februari 1906 utawala wa Wajerumani uliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni hapa mjini, ukawazika katika kaburi la pamoja. Nduna (yaani jemadari wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wajukuu wa nduna huyo, akaomba radhi na kuahidi kwamba juhudi za kulitafuta fuvu hilo zitafanywa. Wazee wa mkoa ndio waliouanzisha ukumbusho huu katika miaka ya 1980, na Makumbusho ya Taifa yakaupokea mwaka 2010. Linganisha na makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza, utaona kwamba ya Songea yalianza na watu wa hapa kuwakumbuka watu wao.

Nayasema haya kwa sababu yanabadili mwenendo wako. Mgeni anayeingia getini akiwa na kanga mabegani huenda ni mjukuu wa mmoja wa waliozikwa hatua chache kutoka unapokaa. Usipige picha za kujionesha juu ya kaburi, usimkatize mzee anayesoma majina, na usimrekebishe mtu anayesimulia habari za babu yake hata kama tarehe aliyoitaja si ile uliyosoma.

Sasa turudi kwenye kioneshwa chako. Tuseme umepewa mkuki. Anza na rejista ya mikusanyo, si na kabati la kioo. Katika rejista iliyotunzwa vizuri kila kitu kina namba yake, na mbele ya namba hiyo huandikwa kilipokelewa lini, kutoka kwa nani, kutoka kijiji gani, kimetengenezwa kwa vitu gani, kina urefu gani na kilikuwa katika hali gani kilipofika. Nakili yote yaliyomo, kisha andika pembeni yale ambayo hayamo. Utashangaa jinsi nafasi zilizo wazi zinavyofundisha. Mkuki usio na jina la aliyeutoa wala kijiji ulikotoka bado ni chuma na mti, na unaweza kuwekwa katika kabati lolote la makumbusho yoyote kusini mwa Afrika bila mtu kugundua. Ule ulioandikwa kwamba ulitoka kwa ukoo fulani wa Mshope, moja ya himaya za Wangoni, ukarithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, ni ushahidi.

Mfano wa lebo utakusaidia. Lebo isemayo "Mkuki wa Wangoni, wa kale" haimwambii mgeni chochote asichokiona kwa macho yake. Lebo nzuri ingemwambia kwamba huu ni mkuki mfupi wa kuchomea, kwamba namna hii ya kupigana kwa karibu, nyuma ya ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe, Wangoni walikuja nayo kutoka kusini mwa bara, kwamba chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, kwamba kiongozi huyo alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na kwamba vizazi vya baadaye viliunda himaya mbili katika Songea, ya Njelu na ya Mshope. Ingemwambia pia kwamba mwaka 1905 silaha kama hiyo ilikabiliana na bunduki za rashasha. Yote hayo yaingie katika maneno yasiyozidi 60, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa darasa la sita atakisoma akiwa amesimama. Jaribu kuiandika, umpe mhifadhi aikate, uiandike tena. Ninaamini hakuna zoezi la historia lililo gumu kuliko hilo, na utalithamini zaidi utakapoanza kuandika ubaoni.

Kuhusu utunzaji, utapewa kazi ambazo zitaonekana duni, na hapo ndipo wengi huanza kulalamika. Kufuta vumbi kwa brashi laini ni kazi ya kitaalamu. Ngozi haifutwi kwa kitambaa chenye maji wala haipakwi mafuta, kwa maana mafuta hushika vumbi na huharakisha kuoza. Chuma kisishikwe kwa mikono mitupu, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama za kutu zinazojitokeza baadaye. Karibu na vioneshwa tumia penseli na si kalamu ya wino, kwani wino ukidondoka haufutiki. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huanza kuota juu ya ngozi na mbao. Wadudu nao hawangoji masika. Kagua mishono ya ngao na matundu madogo ya mipini, na ukiona unga mpya chini ya kitu, usiupulize. Mwite mhifadhi, kwa kuwa unga huo ndio unaoonesha kwamba wadudu bado wanakula. Njia moja inayotumika ni kukifunga kitu katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, badala ya kukipulizia dawa. Nguo, karatasi na picha zinaharibiwa na mwanga kuliko na mikono, ndiyo maana vyumba vyake huachwa na mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga); wageni hudhani umeme umepungua.

Upande ulio tajiri kuliko yote, hata hivyo, uko nje ya jengo. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kikuu kishiriki, iliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walikuwa vijana wa umri wako. Wakati ule mtu aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78, kwa hiyo waliweza kuzungumza na watu walioyaona matukio kwa macho yao. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ilitokana na maofisa wa Kijerumani, pamoja na wamisionari kama Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898. Madaftari ya wanafunzi wale ndiyo yaliyoingiza sauti za Wamatumbi, Wangindo na Wangoni katika vitabu vya vita hivyo, na mpaka leo mtafiti makini hawezi kuyaruka. Mjomba wako akirudia maneno yake ya picha, msimulie hilo.

Wewe hutakutana na shahidi wa macho. Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa takriban miaka 40 baada ya vita, na alichonacho ni simulizi alilopewa na bibi au babu yake. Kwa sababu hiyo swali la lazima si "ilikuwaje?" pekee, bali "nani alikusimulia, naye alisimuliwa na nani, na mlikuwa wapi?" Andika mnyororo huo wote. Usiende kwa mzee peke yako na simu mkononi. Pitia kwa mhifadhi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, ubishe hodi, usalimie kama ulivyolelewa, ujieleze umetoka chuo gani na maneno yake yatahifadhiwa wapi, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe. Kama anazungumza Kingoni, mwachie azungumze Kingoni, mpate mtu wa kutafsiri, na yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, hasa majina ya mahali na ya silaha, kwa kuwa hayo ndiyo hupotea kwanza katika tafsiri.

Uliza pia habari ambazo lebo nyingi huzipita. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe anafahamika kote nchini, lakini maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalifikishwa Ungoni na mtu mwingine, Omari Kinjala, na wazee wana mengi ya kusema juu ya namna alivyopokelewa. Muulizie Mkomanile, nduna mwanamke wa Kitanda anayetajwa miongoni mwa walionyongwa. Uliza jinsi watu walivyoishi baada ya majeshi ya Gavana Gustav Adolf von Götzen kuchoma mashamba na maghala, kwa kuwa njaa iliua watu wengi zaidi kuliko risasi, na kumbukumbu za njaa hukaa jikoni, midomoni mwa bibi zaidi kuliko babu.

Ripoti yako basi isianze na eneo la makumbusho na muundo wa uongozi, na isimalizike kwa "nilijifunza mambo mengi". Andika kioneshwa kimoja: namba yake, kilivyoingia, hali yake, kilichokosekana katika rejista, ulichokipata kwa wazee pamoja na mnyororo wa wasimuliaji, lebo uliyoipendekeza na maoni ya mhifadhi juu yake. Acha nakala makumbusho. Ripoti inayobaki chuoni peke yake haimsaidii mwenzako atakayekuja mwakani. Na kama wiki yako inaangukia Juni au Julai, beba sweta, maana Songea ya asubuhi si ya mzaha.

SWALI: Mwalimu, nimemaliza wiki yangu ya mafunzo katika makumbusho ya historia, nikatakiwa kuandaa bango dogo kuhusu Majimaji. Kila chanzo kinanipa idadi yake: wapo wanaosema walionyongwa Songea ni 66, wengine 67, waliokufa katika vita vyote wengine wanasema 75,000, wengine 300,000. Msimamizi wangu wa chuo anataka namba moja. Niandike ipi? — *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Usichague namba kwa kuwa inapendeza, wala usichukue wastani. Hizo unazozitaja hazipingani kwa namna moja. Za Songea zinakaribiana sana. Sehemu ya tofauti inaweza kutokana na namna kila msimuliaji anavyomhesabu Songea Mbano, ambaye baadhi ya masimulizi husema alinyongwa siku chache baada ya wenzake na ambaye amezikwa peke yake. Hapo bango linaweza kusema "zaidi ya watu 60" bila kumdanganya mtu, na maelezo ya chini yakataja idadi zote mbili.

Za vita vyote ni habari nyingine. Idadi ya 75,000 inatokana na makadirio ya utawala wenyewe wa Kijerumani, uliokuwa na sababu za kutotaka idadi kubwa ijulikane Berlin, ambako bunge lilikuwa likihoji sera za makoloni. Makadirio ya 250,000 hadi 300,000 ni ya wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gwassa, ambao walihesabu pia waliokufa kwa njaa na magonjwa baada ya mashamba kuteketezwa. Kwa hiyo namba hizo mbili zinajibu maswali mawili tofauti, na atakayeziweka sambamba bila kueleza hivyo atamfanya msomaji adhani kwamba wanahistoria wanabishana kwa ukaidi tu. Mwambie msimamizi wako kwa adabu kwamba bango litakuwa na namba mbili, kila moja na mwenyewe. Akikataa, omba aandike uamuzi huo yeye mwenyewe, kwa maana jina litakalosomwa chini ya bango ni lako.

Nikuonye pia juu ya neno "walishindwa", ambalo nimeliona katika mabango mengi. Wapo wazee wa Ungoni wasiolikubali, na hawalikatai kwa kiburi. Wanachokikumbuka wao ni chakula kilichochomwa, si pambano lililopotezwa. Eleza kilichofanyika, msomaji atapata neno lake.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 74, kutoka Namtumbo. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya mafunzo katika makumbusho alinitembelea, akanisikiliza vizuri sana kuhusu marehemu babu yangu. Nilipomwonesha mkuki wa babu alisema utunzwe makumbusho, akataka kuondoka nao siku hiyo hiyo. Nilikataa, lakini sasa najiuliza kama nilimkosea. Watoto wangu wako Dar es Salaam na hawautaki; mdogo wangu anataka tumuuzie mgeni. — *Mzee, Namtumbo*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hukumkosea hata kidogo. Mwanafunzi hana mamlaka ya kupokea kitu kwa niaba ya makumbusho, hata awe mwaminifu namna gani, na kijana huyo alipaswa kuelezwa hivyo kabla ya kutumwa. Kitu cha ukoo kikiingia makumbusho huambatana na karatasi: fomu iliyosainiwa na pande mbili, inayotaja aliyekitoa, aliyekipokea, tarehe, maelezo ya kitu na picha yake, na juu ya yote, kama kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Tofauti kati ya kutoa na kuazima ni kubwa. Kilichotolewa kimetoka mikononi mwa ukoo. Kilichoazimwa kina muda wake, na muda ukiisha mnaweza kukidai. Ukiazima, hakikisha fomu inasema ni nani katika ukoo mwenye haki ya kukichukua endapo wewe hutakuwepo, kwa kuwa migogoro mingi ya namna hii huzuka mwenye kitu akishafariki.

Kuhusu kuuza kwa mgeni, mwambie mdogo wako asubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza vitu vya urithi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali, na hata kama mnunuzi ni mwenyeji, mkuki ukishaachana na jina la babu yenu bei yake itakuwa ya mapambo. Itisheni kikao cha ukoo, waambieni watoto wajiunge kwa simu, na muandike mlichokubaliana.

Katika muda huo, usiupake mafuta wala usiuoshe, usiuegemeze kwenye ukuta wenye unyevu, na usiuache sakafuni ambako mchwa wataufikia mpini. Kaa na mjukuu mmoja anayeandika vizuri, mwandike pamoja jina la babu, kijiji chake, aliupataje, nani aliurithi baada yake, na wewe uliyasikia hayo kutoka kwa nani. Karatasi hiyo itafaa iwe mkuki umebaki nyumbani au umekwenda makumbusho. Na kijana yule akirudi, mpokee, mpe uji, lakini mwombe aje na mhifadhi, na mhifadhi aje na fomu.